Mama Kwenye Mstari wa Njano

Siku mama yake Kimya alipokuja kunikataa, alikuja amependeza. Gauni la zambarau, mkoba mweusi unaong'aa, viatu vya kisigino kifupi, na manukato ya mtu aliyetoka kwake kwa shughuli rasmi. Mimi nilikuwa na suruali ya kazi yenye doa la grisi gotini, na nywele nimezifunga kwa kamba ya kufungia nyaya. Nilipomwona akija nyuma ya mwanawe, nilijua mechi imeanza huku nimeshafungwa bao moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu, akafika kwenye ile kamba ya nywele na kukaa hapo kidogo. Kisha akamgeukia mwanawe. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Hm."

Nimesoma hadi shahada ya uzamivu, lakini "hm" ya mama wa mwanamume unayempenda sijaona kitabu kinachoifafanua. Nilivuta kiti cha magurudumu, nikakifuta kwa kiganja, nikamkaribisha. Alikikagua kwanza kama hakitamkimbia, ndipo akaketi.

Kimya si jina lake. Ni jina alilopewa pale kazini kwa sababu anaweza kushinda na wewe kutwa akakupa maneno matano tu, manne yakiwa kuhusu mtambo. Ndiye msimamizi wa chumba kimoja cha vipimo kwenye mtambo huo, na mimi ni mgeni wake. Ukumbi wenyewe ni wa duara, mkubwa kuliko uwanja wa mpira, na ndani ya ukuta wake wa zege elektroni zinakimbia zikizunguka kwa mwendo ambao ukiutaja watu wanadhani unawatania. Kila zinapokata kona zinamwaga mwanga, eksirei kali kuliko za hospitali mara mamilioni. Mwanga huo unachepushwa kwenye njia nyembamba zinazotoka pembeni mwa duara, na mwisho wa kila njia kuna chumba chenye kuta za madini ya risasi. Cha Kimya ndicho cha sumaku.

Sisi watafiti tunaomba nafasi, tunapewa wiki moja, tunapima sampuli zetu, tunafungasha. Mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza alinishika mkono kunionyesha namna ya kubana sampuli kwa kibano bila kuikwaruza, na hata baada ya sampuli kukaa sawa hakuuachia upesi. Mara ya pili nilikuta ameniwekea kikombe changu kwenye kabati lao. Mara ya tatu, bila kunitazama, aliniambia, "Ukiondoka hapa panakuwa pakubwa mno." Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha, kisha nikarudi kupima.

Lakini mama yake hakunitaka. Aliniita Mgeni wa Wiki, na kila Kimya alipotaka kulizungumza suala letu alibadilisha mazungumzo. Kimya akaniambia bila baraka za mama haoi, na bila mimi pia haoi. Maneno matamu, ila mtu hakai nyumba ya maneno. Safari hii nilimwambia wazi kwamba nimechoka kungoja. Amlete mama yake, tusikie neno moja, ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, nitafungasha kesho asubuhi muda wangu ukiisha, na safari ijayo nitaomba nafasi kwenye mtambo mwingine.

Basi huyo hapo, kwenye kiti cha magurudumu.

"Nasikia wewe ni daktari," alianza.

"Ndiyo, Mama."

"Daktari wa nini?"

"Wa fizikia. Nachunguza sumaku."

"Kwa hiyo hata homa huwezi kutibu."

"Hata mafua, Mama. Mimi mwenyewe nikiugua napanga foleni hospitali kama wengine."

Kimya alijikohoza ili asicheke. Mama hakucheka, ila nadhani mdomo wake ulitaka. Hapo hapo simu ya mezani ikalia. Kimya alisikiliza, akasema "sawa" mara mbili, akaiweka.

"Mwanga umeyumba. Wananiita chumba cha waendeshaji," alisema. Kisha kwangu, "Mwonyeshe Mama ndani. Sikawii."

Alinitazama kabla hajatoka. Macho yake hayana haraka, yakikushika yanakushika. Yalinibembeleza na kuniomba msamaha kwa pamoja kwa kuniacha peke yangu na mzazi. Moyo wangu ulimfuata hadi kona ya ukumbi, mimi nikabaki.

Mama aliupanga mkoba mapajani.

"Sasa tuko wawili. Mimi sipaki maneno mafuta. Wewe si mtu mbaya, nimeuliza nikaambiwa. Lakini humfai mwanangu."

"Naomba unieleze sababu, Mama."

"Kazi yako hapa inakwisha lini?"

"Kesho asubuhi."

"Na kisha?"

"Ningerudi baada ya miezi sita."

"Ndiyo hayo." Aliinamisha kichwa kidogo. "Ukija, anachanua. Anaimba bafuni, anakula vizuri. Ukiondoka ananyauka, na mimi ndiye ninayekaa naye amenyauka. Mwanangu anahitaji mke, binti yangu. Hahitaji mgeni."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine: kwamba nimemzidi umri, kwamba naongea sana, kwamba sijui kupika, ambalo ni kweli tupu. Hili sikuliandalia jibu, kwa sababu sikujua kwamba ananyauka. Yeye hakuwahi kuniambia.

"Niko tayari kuhamia huku," nilisema. "Wameshaniambia nafasi ipo. Lakini sitahamia kwa mtu ambaye mama yake hanitaki. Nikifanya hivyo, kila siku atakuwa anachagua kati yetu wawili, na atakonda zaidi."

Aliinuka, akanyoosha gauni lake.

"Haya, nionyeshe kwanza hicho kitu. Miaka yote hii ananiita nije nione, nami nakataa. Nataka kujua ni nini kinachomsahaulisha chakula."

Nilifurahi kupata jambo ninalolijua. Nilimwonyesha kwenye skrini utando wa chuma mwembamba kiasi kwamba jicho halina kazi nao. Nikamweleza kwamba tunaupiga kwa mwanga unaojipinda kulia, kisha unaojipinda kushoto, na kwamba chuma chenye usumaku humeza mmoja zaidi ya mwingine. Ile tofauti ndogo ndiyo inayotuambia kila chembe ndani yake inaelekea wapi.

"Kama wali na ugali," alisema Mama. "Ukimwekea mtu vyote viwili, anachomaliza kinakwambia kwao wanapika nini."

"Kabisa, Mama. Nitaiiba hiyo nikafundishie."

"Na ile namba?"

"Nguvu ya sumaku kubwa iliyo mle ndani. Nimeipandisha ngazi kwa ngazi tangu mwanzo wa wiki, na kila ngazi napima. Huu utando una kumbukumbu. Unajua njia uliyopitia. Ukiishusha sumaku katikati, unasahau kila kitu, na lazima uanze upya."

Tukasogea mlangoni. Hatua chache kabla ya chumba kuna mstari wa njano sakafuni, na ukutani kibao chenye picha ya moyo uliokatwa kwa alama nyekundu. Mwanga tunaufunga kabla ya kufungua mlango, unatii. Sumaku haijui mlango ni nini. Kwa hiyo kuna swali tunalomuuliza kila anayetaka kuvuka, awe fundi au mkurugenzi, na anayeuliza ni yule aliyekaa mezani. Siku hiyo nilikuwa mimi.

"Samahani, Mama, ni utaratibu tu. Una kifaa chochote mwilini? Chuma cha mfupa, kifaa cha masikio, mashine ya kusaidia moyo?"

"Sina."

Alijibu upesi sana. Watu wengine hufikiria, husema "hapana, labda meno." Yeye alisema sina, halafu macho yakaenda kwenye ile picha ya moyo, na mkoba uliokuwa mkono wa kulia ukahamia kifuani upande wa kushoto.

Nilisimama mbele yake, juu ya mstari.

"Mama, nakuomba unisamehe, nitauliza tena."

"Nimeshakujibu. Ndiyo heshima mnayofundishwa huko, kumsimamisha mzazi mlangoni kwa mwanawe?"

"Mama, nikikosea hapa, mashine ya moyo inaweza kupoteza mwelekeo palepale. Afadhali unichukie ukiwa mzima."

Tulitazamana. Mwenye kushindwa kwanza alikuwa yeye, na alishindwa taratibu, mabega yakishuka.

"Imewekwa mwaka jana," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu alikuwa safarini, kwenye mkutano wenu huo wa sumaku. Nilikuwa naanguka anguka. Nilikwenda na mdogo wangu, nikarudi. Yeye nilimwambia nimeng'oa jino."

"Jino!"

"Kwani ungesema nini? Hadi leo ananiuliza kama linauma."

Nilitaka kucheka na kulia. "Kwa nini humwambii, Mama?"

"Wewe humjui. Baba yake alipofariki, huyu mtoto aliacha masomo mwaka mzima akawa analala sakafuni mlangoni kwangu, anasikiliza kama ninapumua. Nikikohoa, yuko. Nikigeuka, yuko. Nilipona msiba wa mume nikaanza kuugua kwa ajili ya mwanangu. Akijua haya, ataacha kazi kesho aje kunilinda kama yai." Aliushika mkono wangu kwa mara ya kwanza. Kiganja chake kilikuwa cha baridi. "Nisikilize, binti. Mwambie mtambo una hitilafu, hatukuweza kuingia. Nami leo hii, akirudi, nitawapa baraka zangu mbele yako."

Sitasema kwamba sikutamani. Neno nililolingoja miaka miwili lilikuwa limewekwa mkononi mwangu, na bei yake ilikuwa uongo mdogo ambao ungemridhisha kila mtu. Akilini nilimwona Kimya akirudi, nikamwona akisikia "ndiyo" ya mama yake, na ile furaha yake isiyo na maneno. Kisha nikamwona miaka iliyo mbele, siku mama ameanguka kweli, akiniuliza kama nilijua.

"Siwezi, Mama."

"Huwezi nini?"

"Kumdanganya. Nampenda. Siku nitakayomdanganya juu yako, sitajua tena namna ya kumtazama."

Alikichomoa kiganja chake. "Basi umekataa mume."

"Inawezekana."

Nilidhani ataondoka. Aligeuka kweli, akapiga hatua moja, kisha akasimama akikitazama kile chumba ambacho mlango wake ulikuwa bado umefungwa.

"Nilipokuwa mzima nilikataa kuja kwa kiburi," alisema, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Nilikuwa naona ameniacha kwa ajili ya mashine. Leo nilitaka nione tu. Nikae anapokaa, nishike anachoshika. Basi, hata hilo nalo limenishinda."

Nilirudi mezani. Niliitazama ile namba kwenye skrini, wiki yangu nzima, vipimo ambavyo wanafunzi wangu walikuwa wanavingoja. Nikaandika sifuri, nikabonyeza.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Naishusha. Ikifika sifuri utaingia. Keti, Mama, inashuka polepole, ukiiharakisha unaiumiza."

"Si ulisema itasahau kila kitu?"

"Itasahau."

"Na mimi sijakuahidi chochote sasa hivi."

"Najua. Umetaka kuona anapokaa mwanao. Hilo halihitaji ahadi."

Aliketi. Tuliitazama namba ikipungua. Baada ya muda akauliza, "Na akikuuliza kwa nini umeshusha?"

"Nitamwambia nilikuwa na sababu. Siri ni yako, sitaitoa. Ila uongo hatausikia kwangu."

Sisi watu wa kazi hii tuna kasoro moja: tukiingia chumbani tunaisalimia skrini kwanza. Kimya alirudi akitabasamu, mkononi ana chupa ya maji ya mama yake, macho yakaenda moja kwa moja kwenye namba. Tabasamu likafa. Kama angetazama uso wa mama yake kwanza, angekwishajua lote.

"Sumaku inashuka," alisema.

"Ndiyo."

"Imejiangusha yenyewe?"

"Hapana. Nimeishusha mimi."

"Umemaliza vipimo?"

"Sijamaliza."

Aliiweka chupa mezani taratibu. Hajui kupaza sauti, na afadhali angejua. "Nimekupangia wiki hii kwa kuwaomba watu. Nimewaondoa wengine. Kwa nini?"

"Nilikuwa na sababu."

"Sababu gani?"

"Si yangu kuisema."

"Si yako? Basi ya nani?"

Alingoja, akaona siongezi neno, na nikaona kitu kikifungwa usoni pake.

"Unataka kuondoka mapema," alisema. "Umeona Mama amekuja, umesikia alichosema, umeamua kukata. Huwezi hata kungoja kesho." Alipitisha mkono usoni. "Pengine Mama ana haki. Pengine hapa kwako ni pa kupita tu."

Sijawahi kupigwa maishani, lakini najua sasa mtu anajisikiaje. Nilitazama sakafu. Mama alikuwa nyuma yake, mkoba mapajani. Alichokuja kukitafuta kwa gauni la zambarau na manukato alikuwa amekipata bila jasho. Mwanawe mwenyewe ndiye alikuwa ananikataa. Angekaa kimya nusu dakika tu, mambo yangekwisha. Siri yake ingerudi naye nyumbani, na mimi ningefungasha.

"Mwache," alisema Mama.

"Mama, hili ni la kazi."

"Nimesema mwache. Geuka unitazame. Mimi, si hiyo televisheni yako."

Kimya aligeuka.

"Ameishusha kwa ajili yangu. Mimi siruhusiwi kuvuka hapo." Aliuweka mkoba kando, akaweka vidole viwili chini ya mfupa wa bega la kushoto. "Nina mashine hapa. Tangu mwaka jana. Lile jino halikuwa jino."

Kimya alipiga magoti mbele ya kile kiti cha magurudumu, mwanamume mzima, akaweka paji la uso mapajani mwa mama yake juu ya lile gauni zuri. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Mama alimpapasa kichwa, akinitazama mimi kwa juu yake.

"Usianze," alimwambia mwanawe kwa upole. "Ndiyo maana sikukwambia. Kazi huachi, na sakafuni hulali. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Nilimwomba akudanganye. Nikampa baraka zangu kama hongo. Nilimpa wewe, kichwa na miguu. Akakataa. Halafu ukaja ukamsema, akanyamaza ili anitunzie langu. Mimi nikiwa nimekaa tu hapo natazama." Alitikisa kichwa. "Nimeishi na marehemu baba yako kwa raha zetu zote, na hakuwa na kifua hicho."

Kimya aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu. Alinifikia kwa hatua mbili, akasimama karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, mikono haijui iende wapi mbele ya mzazi.

"Nisamehe," alisema. "Nilitazama namba."

"Najua. Hata mimi ningetazama namba."

"Nimekuambia neno baya."

"Baya sana. Utalilipa polepole."

"Nitalilipa," alisema, na hapo akaushika mkono wangu, mama awepo asiwepo. Sumaku ilikuwa imefika sifuri. Kazi ya wiki ilikuwa imekwenda na maji, nami nilikuwa nimeshikwa mkono, na kama mtu angeniuliza wakati huo nimepata hasara gani, nisingejua kumjibu.

Mama alijikohoza.

"Wiki ijayo wananipima tena hii mashine," alisema akijipangusa gauni pale palipolowa. "Huwa nakwenda na mdogo wangu, lakini yule anazungumza na kila mgonjwa hadi tunachelewa. Safari hii nitakwenda na mkamwana wangu."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mkamwana huyo ni mimi.

"Lakini, Mama," nilisema, sauti ikikatika, "mimi naondoka kesho asubuhi."

"Umeruhusiwa na nani?"

Kimya alikuwa anamtazama mama yake, kisha mimi, kisha mama yake.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Wewe," alisema Mama, akainuka na kunishika mkono uliobaki, "utaendesha gari."